Jina Likiisha Muda: Hatima ya Majina ya Vikoa na Uhifadhi wa Rasilimali za Kiswahili Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kinachotokea kwa jina la kikoa baada ya muda wake wa usajili kumalizika, na athari za mchakato huo kwa kamusi, kongoo, majarida na hazina nyingine za Kiswahili zilizowekwa kwenye intaneti. Hoja kuu ni tatu. Kwanza, jina la kikoa halinunuliwi bali hupangishwa. Pili, jina lililomalizika muda halifi. Hupita katika hatua zinazojulikana na mara nyingi huishia mikononi mwa mtu mwingine, pamoja na sifa na viungo vyote lilivyojikusanyia. Tatu, miradi ya lugha katika ukanda wetu imo hatarini zaidi kwa kuwa hufadhiliwa kwa muda mfupi ilhali majina yake hunukuliwa kwa muda mrefu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti, vyuo vikuu na vyombo vya sera.

Maneno ya msingi: jina la kikoa, usajili, uozo wa viungo, kitambulishi cha kudumu, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mwaka 1994 Mradi wa Kamusi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ukawa miongoni mwa juhudi za awali kabisa za kuiweka kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti. Tangu wakati huo vyuo vikuu, mabaraza ya lugha, vyama vya wanataaluma na watu binafsi wameweka mtandaoni kamusi, orodha za istilahi, majarida, kumbukumbu za makongamano na mikusanyo ya fasihi simulizi. Tasnifu zinazotetewa leo Kampala, Bujumbura, Eldoret au Dar es Salaam hunukuu vyanzo hivyo kwa anwani zake za mtandao, na wasomaji huchukulia kuwa anwani iliyonukuliwa ni sawa na namba ya ukurasa katika kitabu.

Dhana hiyo si sahihi. Kitabu kilichokwisha kuchapishwa hakimdai mwandishi ada ya kila mwaka ili kiendelee kuwepo kwenye rafu. Anwani ya mtandao inamdai. Ada isipolipwa, anwani huondolewa kwa mwenyewe na baadaye inaweza kupewa mtu mwingine yeyote duniani anayeitaka. Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika makongamano yetu umejikita zaidi katika uundaji wa istilahi, tafsiri ya kompyuta na ufundishaji wa mbali. Swali la nani anashikilia jina ambalo rasilimali inapatikana kwalo limeachiwa mafundi. Makala haya yanalichukulia kuwa ni swali la sera ya lugha, kwa sababu anayelipoteza jina huipoteza pia njia ya umma kuifikia kazi yake.

2.0 Jina la Kikoa ni Nini

2.1 Neno na maana yake

Istilahi kikoa imekubalika katika Kiswahili cha teknolojia kwa maana ya eneo la majina kwenye intaneti. Kabla ya hapo neno hilo lilikuwa na maana ya chakula kinacholiwa pamoja, kila mshiriki akikitoa kwa zamu yake. Ndipo tukapata usemi kula kikoa. Maana hiyo ya zamani inafaa kukumbukwa, kwani inaeleza sharti lililomo katika maana mpya: mtu yumo katika kikoa kwa sababu anatoa mchango wake zamu inapofika. Asipotoa, nafasi yake haiwekwi wazi kumsubiri.

Kwa upande mwingine, usemi wa kila siku kuwa mtu "amenunua jina" unapotosha. Anachokipata ni haki ya kulitumia jina kwa muda maalumu. Katika vikoa vya jumla, kama vile .com na .org, muda huo ni kati ya mwaka 1 na miaka 10 kwa usajili mmoja, na unaweza kuongezwa kabla haujaisha. Neno linalolingana na hali hiyo ni kupanga. Mpangaji wa nyumba anajua kuwa kodi ina tarehe. Mtu anayeamini amenunua hana sababu ya kuitazama kalenda.

2.2 Muundo wa mfumo na wahusika wake

Kompyuta hutambuana kwa anwani za tarakimu. Ili binadamu wasilazimike kukariri tarakimu hizo, mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao huoanisha jina na tarakimu. Jina husomwa kwa mpangilio wa ngazi kutoka kulia kwenda kushoto. Katika jina udsm.ac.tz, ngazi ya juu ni tz, yaani Tanzania. Inayofuata ni ac, yaani taasisi za elimu. Na ya mwisho ni udsm, yaani chuo chenyewe.

Kila jina katika vikoa vya jumla lina wahusika watatu. Wa kwanza ni mwendeshaji wa rejista, anayetunza orodha kuu ya majina yote ya kikoa kimoja. Kampuni ya Verisign, kwa mfano, ndiyo inayotunza rejista ya.com. Wa pili ni msajili, yaani kampuni inayowahudumia wateja na kupeleka maombi yao kwenye rejista. Wa tatu ni mwenye jina, yaani mtu au taasisi iliyoandikishwa. Juu yao lipo shirika la ICANN, lililoundwa mwaka 1998, linaloweka kanuni za vikoa vya jumla kwa njia ya mikataba. Vikoa vya nchi, kama .tz, .ke, .ug, .rw, .bi na .cd, vina waendeshaji na kanuni zake vyenyewe.

Utengano huu una matokeo muhimu. Mwenye jina hana uhusiano wa moja kwa moja na rejista. Anachokijua msajili kumhusu ni kile alichojaza siku ya usajili: jina, anwani ya barua pepe na njia ya malipo. Iwapo aliyejaza ni mwanafunzi wa uzamili aliyesaidia mradi mwaka mmoja kisha akahitimu, basi machoni pa msajili mwenye jina ni mwanafunzi huyo, wala si chuo kikuu.

3.0 Hatua Zinazofuata Muda Unapomalizika

Wengi hudhani kuwa jina hufutika usiku wa siku ya mwisho. Kwa hakika jina katika vikoa vya jumla hupita hatua kadhaa, na katika kila hatua haki za mwenye jina hupungua.

3.1 Taarifa na kipindi cha neema

Sera ya ICANN kuhusu ukombozi wa usajili uliomalizika, iliyoanza kutumika tarehe 31 Agosti 2013, inamtaka msajili ampelekee mwenye jina taarifa mbili kabla ya siku ya mwisho, moja yapata mwezi mmoja kabla na nyingine yapata wiki moja kabla, kisha taarifa ya tatu ndani ya siku 5 baada ya muda kumalizika. Kwa kawaida taarifa hizo huja kwa barua pepe. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi: anwani ya barua pepe iliyoandikishwa mara nyingi iko chini ya jina lilelile. Jina likikatwa, barua pepe nazo hukatika, na taarifa ya tatu humfuata mtu asiyeweza tena kuipokea.

Siku ya mwisho inapofika, rejista ya .com huongeza usajili kwa mwaka mmoja na kumtoza msajili ada. Msajili naye ana siku 45 za kuamua. Mteja akilipa, mambo yanaendelea kama kawaida. Asipolipa, msajili anaweza kulifuta jina ndani ya siku hizo na kurudishiwa ada yake. Huu ndio unaoitwa muda wa neema, lakini neema hiyo kimsingi ni ya msajili. Muda atakaompa mteja wake unategemea mkataba ambao mteja aliukubali kwa kubofya pasipo kuusoma. Kabla ya kulifuta jina, msajili anatakiwa kukatiza njia yake kwa siku zisizopungua 8 mfululizo, ili mwenye jina aone kuwa tovuti haifunguki na kushtuka. Badala ya tovuti, wageni huona ukurasa wa matangazo au ilani ya msajili.

3.2 Kipindi cha ukombozi

Msajili akilifuta jina, haliondoki papo hapo. Huingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30. Neno ukombozi linafaa hapa kwa maana yake ya rehani: kitu bado kinaweza kurudi kwa mwenyewe, lakini kwa gharama ya ziada. Ada ya kukomboa hupangwa na msajili na kwa kawaida huzidi mara kadhaa ada ya mwaka. Katika siku hizi 30 tovuti na barua pepe hazifanyi kazi, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kulichukua jina.

3.3 Kusubiri kufutwa

Siku 30 zikipita bila ukombozi, jina huwekwa katika hali ya kusubiri kufutwa kwa siku 5. Katika siku hizi hakuna malipo wala maombi yanayoweza kulirudisha. Siku ya tano ikimalizika, jina huondolewa kwenye rejista na kuwa huru. Kwa hesabu ya juu, siku 45, 30 na 5 hufanya siku 80 tangu tarehe ya mwisho ya usajili.

3.4 Udakaji na mnada

Jina lenye thamani halikai huru hata kwa dakika moja. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kudaka majina yanapoachiliwa. Programu zake hutuma maombi mengi kwa rejista katika sekunde ileile, na baadhi yake hushikilia leseni nyingi za usajili ili ziongeze nafasi ya kufika kwanza. Wateja wawili au zaidi wakilitaka jina moja, hupigwa mnada.

Vilevile, majina mengi hayafiki kabisa kwenye ukombozi wala udakaji. Mikataba ya wasajili wengi inawaruhusu kulipiga mnada jina wakati wa siku za neema na kulihamishia kwa mshindi kabla halijafutwa. Kwa rejista, jina hilo halijawahi kufa. Limebadilisha tu mwenyewe. Kwa hiyo mtafiti anayetegemea siku 30 za ukombozi anaweza kugundua kuwa kwa upande wake siku hizo hazikuwahi kuanza.

3.5 Vikoa vya nchi

Hatua zilizoelezwa hapo juu hazivibani vikoa vya nchi, ambavyo kila kimoja kina ratiba yake. Hata hivyo, vikoa hivyo vina kinga moja muhimu. Majina yaliyo chini ya ac.tz, ac.ke au ac.ug ni ya taasisi za elimu, na yaliyo chini ya go.tz, go.ke, go.ug au gov.rw ni ya serikali. Mfanyabiashara wa mbali hawezi kulidaka jina la namna hiyo na kuliuza mnadani. Mradi uliowekwa chini ya jina la chuo unaweza kupotea kwa sababu chuo kimepanga upya tovuti yake, lakini anwani yake haitageuka kuwa duka la mtu mwingine. Mradi uliojitenga na kuchukua jina lake wenyewe la .com au .org umepata uhuru, na umepoteza kinga hiyo.

4.0 Kwa Nini Mtu Alitake Jina Lililoachwa

Thamani ya jina lililoachwa haimo katika herufi zake tu. Imo katika kile lilichokusanya: viungo kutoka tovuti za vyuo, magazeti na ensaiklopidia, nafasi nzuri katika injini tafuti, wageni waliolizoea, na barua pepe zinazoendelea kutumwa kwake. Mwenye jina wa zamani alivijenga vitu hivyo kwa miaka mingi, na anayefuata huvirithi kwa ada ndogo.

Matumizi ya kwanza na ya kawaida ni matangazo, yakiwemo ya kamari na mikopo. Ya pili ni kujipatia sifa kwa udanganyifu: mnunuzi huweka maudhui hafifu kwenye jina lililoheshimika ili injini tafuti ziyape nafasi ya juu. Tatizo hilo lilikua kiasi kwamba mwezi Machi 2024 kampuni ya Google ilitangaza sera mahususi dhidi ya matumizi mabaya ya vikoa vilivyomalizika muda. Ya tatu, na ya hatari zaidi, ni kuchukua mamlaka. Anayelishika jina anaweza kupokea barua pepe zote zinazotumwa kwa watumishi wa zamani, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti nyingine walizozifungua kwa anwani hizo.

Mifano mitatu inaonyesha kuwa hali hii haiwapati wazembe wadogo tu. Mwezi Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwathibitisha watumiaji wa huduma ya barua pepe ya Hotmail. Watumiaji wengi walishindwa kuingia, hadi mtayarishaji wa programu aitwaye Michael Chaney alipoilipia kampuni hiyo dola 35 kwa hiari yake.

Mfano wa pili unahusu mahakama. Katika shauri la Brown dhidi ya Entertainment Merchants Association la mwaka 2011, Jaji Samuel Alito wa Mahakama ya Juu ya Marekani alinukuu ukurasa uliokuwa chini ya jina ssnat.com. Baadaye jina hilo lilimalizika muda, na mtu mwingine akalichukua. Msomaji aliyeifuata rejeleo la jaji alikutana na ujumbe wa kejeli uliomkumbusha kuwa chanzo kimetoweka na kwamba mgeni amekuja kukaa mahali pake ili kutoa funzo kuhusu udhaifu wa viungo vya mtandao. Mnunuzi huyo alikuwa na nia ya kufundisha tu. Angeweza vilevile kuweka takwimu za uongo.

Mfano wa tatu unahusu waendeshaji wa rejista wenyewe. Rejista ya kikoa cha .mobi ilihamisha huduma yake ya taarifa za usajili na kuliacha jina la zamani, dotmobiregistry.net, limalizike muda mwezi Desemba 2023. Mwaka 2024 watafiti wa usalama wa kampuni ya watchTowr walilisajili kwa dola 20. Muda mfupi baadaye waliona zaidi ya mifumo 135,000 ya kompyuta, ikiwemo ya serikali na ya kijeshi, bado inaliuliza jina hilo kana kwamba mwenyewe hajabadilika.

5.0 Athari kwa Utafiti wa Kiswahili

5.1 Uozo wa viungo

Kiungo kinachoelekeza mahali pasipo na kitu kimeoza. Kiungo kinachoelekeza mahali palipo na kitu kingine kimegeuka. Kumalizika kwa muda wa jina husababisha hali zote mbili kwa kufuatana: kwanza huoza, kisha hugeuka. Kwa mtafiti, hali ya pili ni mbaya zaidi, maana aliyekuta mlango umefungwa anajua kuwa umefungwa, ilhali aliyekaribishwa na mgeni anaweza asijue kuwa nyumba imebadilisha mwenyeji.

Ukubwa wa tatizo umepimwa kwingineko. Zittrain, Albert na Lessig (2014) walionyesha kuwa takribani nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuelekeza tena kwenye taarifa iliyonukuliwa. Pew Research Center (2024) iligundua kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana mwaka 2023. Si kurasa zote hizo zilipotea kwa sababu ya majina kumalizika muda. Nyingine ziliondolewa au kuhamishwa ndani ya tovuti iliyo hai. Lakini jina likipotea, kurasa zake zote hupotea kwa pamoja, na hakuna aliyebaki wa kuweka kibao cha kuelekeza walikohamia.

5.2 Umbo la mradi wa lugha katika ukanda wetu

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuione njia ya hasara. Mradi wa kukusanya masimulizi ya wazee katika lahaja moja ya pwani unapata ufadhili wa miaka mitatu. Jina la .org linasajiliwa kwa kadi ya benki ya mtaalamu wa kompyuta, kwa barua pepe iliyo chini ya jina hilohilo. Rekodi zinawekwa, makala zinaandikwa, tasnifu mbili zinanukuu anwani. Mwaka wa nne ufadhili umekwisha, mtaalamu yuko kwingine, na kadi yake imebadilishwa. Hakuna aliyeamua kuifunga tovuti, na hakuna aliyekosea katika kazi aliyopewa. Ndani ya siku 80 sauti za wazee hazisikiki tena, na baada ya hapo jina linatangaza kamari. Baadhi ya wasimulizi wameshafariki, kwa hiyo kazi haiwezi kurudiwa.

Jambo la kuzingatia katika mfano huu ni tofauti ya kalenda mbili. Kalenda ya ufadhili huhesabu miaka mitatu hadi mitano. Kalenda ya marejeleo huhesabu miongo. Jina la kikoa hulipiwa kwa kalenda ya kwanza lakini hutegemewa kwa kalenda ya pili. Pengo baina ya kalenda hizo ndilo linalomeza rasilimali, na haliwezi kuzibwa na bidii ya mtu mmoja.

5.3 Anwani na kitambulishi cha kudumu

Mradi wa Kamusi uliotajwa katika utangulizi ulihama kutoka katika anwani ya Yale na kwenda kwenye majina yake wenyewe. Kila uhamisho wa namna hiyo huyaacha nyuma marejeleo ya zamani. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki ni mfano wa njia nyingine. Inasambazwa kupitia Benki ya Lugha ya Ufini, ambayo huipa kila rasilimali kitambulishi cha kudumu. Kitambulishi hicho hakisemi rasilimali iko wapi, bali husema ni ipi. Kazi ya kujua iko wapi leo imepewa taasisi inayoweza kuirekebisha anwani bila kubadilisha kitambulishi. Mfumo wa DOI unaotumiwa na majarida hufuata kanuni hiyohiyo. Hata hivyo, kitambulishi hakijitoshelezi: nacho husimama juu ya taasisi inayoendelea kulipa na kusasisha. Kinachobadilika ni kwamba mzigo huo unatoka kwa mradi mmoja unaokufa na kuhamia kwa taasisi inayodumu.

5.4 Hifadhi ya mtandao

Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa na kuzionyesha kupitia huduma yake ya Wayback Machine. Imeokoa mengi, lakini haipaswi kuwa tegemeo pekee. Hifadhidata inayotafutwa kwa kuandika neno, kama ilivyo kamusi au kongoo, hainakiliki vizuri kwa njia ya kunakili kurasa. Aidha, kwa miaka mingi huduma hiyo iliheshimu faili la maelekezo lililowekwa kwenye tovuti kwa wakati huo, hata kwa nakala za zamani. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi mpya wa jina aliweza kuzifunika nakala za mwenye jina wa awali bila hata kukusudia. Mwaka 2017 Internet Archive ilieleza hadharani kuwa maelekezo yaliyotungwa kwa ajili ya injini tafuti hayafai kutawala kazi ya hifadhi.

6.0 Kikoa Chenyewe Kinapofutwa

Ipo hatari nyingine iliyo juu ya uwezo wa mwenye jina. Vikoa vya nchi hutokana na misimbo ya herufi mbili ya kiwango cha kimataifa cha ISO 3166. Nchi ikibadilisha jina au ikivunjika, msimbo wake unaweza kubadilika, na kikoa chake kufuata. Ukanda wetu una mfano. Mwezi Mei 1997 Zaire ilibadilishwa jina na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msimbo wa ZR ukaachia nafasi CD, na kikoa cha.zr kikaondolewa kabisa mwaka 2001. Yugoslavia nayo ilipoteza .yu mwaka 2010, na walioitumia walilazimika kuhamia kwenye vikoa vya Serbia na Montenegro. Katika hali hizi hapana mnada wala udakaji. Jina halina pa kukaa.

Funzo lake kwa watunga sera ni kwamba uthabiti wa jina ni suala la kitaasisi katika kila ngazi, kuanzia kadi ya benki ya mtaalamu mmoja hadi mpaka wa dola.

7.0 Mapendekezo

Kwa watafiti na viongozi wa miradi: jina lisajiliwe kwa taasisi, si kwa mtu, barua pepe ya mawasiliano iwe ya wadhifa, isomwe na watu zaidi ya mmoja, na iwe chini ya jina tofauti. Pale inapowezekana, mradi ukae chini ya jina la chuo. Mpango wa ufungaji wa mradi uandikwe katika ombi la ufadhili, ukitaja nani atalilipia jina baada ya fedha kwisha na data zitakabidhiwa hifadhi gani. Ada ya miaka 10 ilipwe mapema katika bajeti. Kwa jina la kawaida la.com au .org, kiasi hicho ni kidogo kuliko posho ya safari moja ya uwandani.

Kwa wahariri wa majarida na kumbukumbu za makongamano: kila rejeleo la mtandao liambatane na tarehe ya kusomwa na, inapowezekana, kiungo cha nakala iliyohifadhiwa. Makala zinazochapishwa mtandaoni zipewe vitambulishi vya kudumu.

Kwa vyuo vikuu na maktaba za taifa: iwekwe daftari ya majina yote yaliyosajiliwa kwa jina la taasisi au kwa fedha zake, pamoja na tarehe zake za mwisho. Pasipo na daftari, taasisi haiwezi kujua inapoteza nini.

Kwa waendeshaji wa vikoa vya nchi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: taarifa za kumalizika kwa muda zitolewe pia kwa Kiswahili, na majina ya taasisi za utamaduni na utafiti yapewe muda mrefu zaidi wa ukombozi kabla ya kuachiliwa.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: ifikiriwe namna ya kushikilia kwa amana majina ya rasilimali za Kiswahili ambazo miradi yake imefungwa. Jamii zetu zina mfano wake tayari katika wakfu: mali hutengwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake yakaendelea kwa umma. Zanzibar ina chombo cha serikali kinachosimamia wakfu na mali ya amana. Jina la kikoa lililobeba kamusi au masimulizi ya lahaja linaweza kutendewa vivyo hivyo. Kamisheni haitalazimika kuendesha tovuti. Itatosha kulilipia jina na kulielekeza kwenye nakala iliyohifadhiwa na chuo au maktaba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kumalizika kwa muda wa jina la kikoa ni mchakato wenye hatua, muda na wanufaika. Mwenye jina hupewa taarifa, kisha neema, kisha ukombozi kwa gharama, kisha hupoteza haki zote; jina nalo huendelea na safari, likiwa limebeba imani ya wasomaji wake kwenda kwa asiyestahiki. Kwa rasilimali za Kiswahili, ambazo nyingi huzaliwa katika miradi ya muda mfupi, hatua hizo hupita bila mtu kuzishuhudia. Gharama ya kinga ni ndogo, lakini inahitaji kuwekwa mikononi mwa taasisi zinazodumu na kuandikwa katika sera zinazotekelezwa. Hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa na kila taasisi iliyowakilishwa katika kongamano hili bila kusubiri bajeti mpya: kuorodhesha majina inayoyatumia, kubaini yameandikishwa kwa nani, na kuangalia yanamalizika muda lini.